Muziki wa Armenia kwa ala za asili, piano au kwaya: uanze na rekodi ipi?

Mara ya kwanza kuisikia duduk nilidhani ni mzee anaimba amefumba mdomo. Nilikuwa nimejilaza, redio iko chumba cha pili, na sauti ile ikaja ikipenya ukutani, nzito na laini, kama ya mtu aliyelia hadi akamaliza na sasa anasimulia tu. Niliinuka kwenda kusikiliza maneno. Maneno hayakuwepo. Ilikuwa zumari la mti wa aprikoti, na nyuma yake zumari jingine limeshika sauti moja tu, halipandi wala halishuki.

Baada ya siku hiyo nikafanya kosa ambalo nataka kukuepusha nalo. Nilitafuta rekodi ndefu ya duduk peke yake nikaisikiliza mfululizo, saa nzima, nikachoka. Nikauweka kando muziki wote wa Armenia kwa zaidi ya mwaka nikiamini wote uko hivyo, wa huzuni na wa mwendo mmoja. Sivyo. Una ngoma za kuchezwa uwanjani, nyimbo za wakulima wakiwahimiza maksai, tenzi za kanisa za karne ya 10, na mashairi ya mapenzi ya kumkosesha mtu usingizi. Kilichoniponza ni mlango nilioingilia.

Ndiyo maana naziweka hapa ubavu kwa ubavu rekodi nne, na ya tano nitaigusa kwa ajili ya wanakwaya. Ya kwanza ni "Komitas" ya kundi la The Gurdjieff Ensemble la Armenia, likiongozwa na Levon Eskenian, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya ECM mwaka 2015. Ya pili ni "Seven Songs" ya mpiga piano Lusine Grigoryan, ECM tena, mwaka 2017. Ya tatu ni "I Will Not Be Sad in This World" ya Djivan Gasparyan, iliyorekodiwa mwaka 1983 wakati wa Usovieti na kufika masikioni mwa dunia mwaka 1989. Ya nne ni "Esprit d'Arménie" ya Jordi Savall na kundi lake la Hespèrion XXI, kampuni ya Alia Vox, mwaka 2012. Zote nimeishi nazo.

Kwanza mfahamu Komitas

Rekodi mbili kati ya hizo zimejengwa juu ya kazi ya mtu mmoja, na bila kumjua utasikia sauti nzuri tu usijue zimeokolewa kutoka wapi.

Alizaliwa Soghomon Soghomonian mwaka 1869 katika mji wa Kütahya, ndani ya Dola ya Uthmania. Alikuwa yatima. Mwaka 1881, akiwa na miaka 12, alipelekwa Etchmiadzin, makao makuu ya Kanisa la Kitume la Armenia, kwa sababu ya sauti yake. Katolikosi Gevorg IV, mkuu wa kanisa hilo, alipomsalimu kwa Kiarmenia, mtoto hakuelewa, maana kwao walizungumza Kituruki. Alichoweza ni kuimba. Akaimba utenzi wa kanisa kwa lugha asiyoifahamu, na masimulizi yanasema mzee yule alitokwa machozi. Akapokelewa shule. Mwaka 1895 akapewa daraja la vardapeti, yaani padri msomi asiyeoa, naye alikuwa amekwisha kupewa jina la Komitas kwa kumuenzi mtunzi wa tenzi wa karne ya 7. Kati ya 1896 na 1899 alisoma muziki Berlin.

Aliporudi hakukaa ofisini. Alizunguka vijijini akiandika nyimbo, maelfu, na zaidi ya elfu moja zimesalia. Mwanakijiji ukimwambia "niimbie" anaona haya, au anakuimbia kwa namna ya kukuridhisha wewe mgeni. Komitas alijua hilo. Alisubiri watu waimbe kwa shughuli zao wenyewe: wakilima, wakipura nafaka, wakicheza kwenye sikukuu, naye akiandika haraka kwa alama za mkato zilizobuniwa na Hambardzum Limonjian mwanzoni mwa karne ya 19. Alama za kale za kanisa, zinazoitwa khaz, maana yake kamili ilikuwa imeshapotea, na sehemu ya maisha yake aliitumia kujaribu kuzifungua.

Usiku wa tarehe 24 Aprili 1915, Konstantinopoli (Istanbul ya leo), alikamatwa pamoja na Waarmenia wengine wenye elimu na majina, zaidi ya 200. Alihamishiwa mji wa Çankırı, akawa mmoja wa wachache walioruhusiwa kurudi. Alirudi akiwa hai, lakini akili haikupona. Mauaji ya kimbari ya Waarmenia yalikuwa yanafuta vijiji vingi ambavyo nyimbo zake alikuwa ameziandika. Mwaka 1919 alipelekwa Ufaransa kwa matibabu, akafia katika hospitali ya Villejuif tarehe 22 Oktoba 1935, bila kutunga tena. Mabaki yake yako Yerevan, mji mkuu wa Armenia.

Ninalisema hili kwa sababu moja. Ukisikia ngoma inaitwa "Msho Shoror", ujue Msho ni Mush, mkoa uliokuwa umejaa Waarmenia, na ngoma hii ilihusiana na hija za monasteri ya Surb Karapet, mahali ambapo sasa pamebaki magofu. Waliokuwa wakiicheza pale hawapo. Karatasi ya Komitas ipo.

Ngoma moja, rekodi mbili: piano na ala

Ulinganisho wenye faida kubwa kuliko yote ni huu, na ukiwa na nusu saa tu fanya huu, mengine yaache. "Msho Shoror" imo kwenye rekodi ya Lusine Grigoryan na imo kwenye rekodi ya The Gurdjieff Ensemble.

Komitas aliiandika ngoma hiyo kwa piano. Lakini ukisikiliza vizuri piano yake, haitumiki kama walivyoizoea watu wa Berlin. Hakuna sauti zilizorundikwa. Mara nyingi ni mstari mmoja wa wimbo, na chini yake noti moja au mbili zimeachwa wazi, zikififia taratibu. Kidole kinagonga noti ileile mara nyingi kwa haraka, kama ukucha wa mpiga udi unavyorudia uzi mmoja. Kuna vinoti vidogo vinavyotangulia noti kubwa, kama mpuliza zumari anavyoteleza kidole kabla ya kutua. Piano pale inaigiza. Na huu si ubunifu wangu: kwenye ngoma zake saba za piano Komitas mwenyewe aliandika maelekezo kwamba zipigwe kwa namna ya ala fulani, tar na dap kwa mfano. Tar ni ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Dap ni dufu letu hili, hata jina karibu ni lilelile.

Eskenian alichukua maelekezo hayo kwa uzito wake. Kama mtunzi ameiambia piano "jifanye tar", basi mpe mpiga tar apige. Ndiyo njia aliyoitumia kwenye rekodi ya kwanza ya kundi lake, mwaka 2011, kwa nyimbo za Georges Gurdjieff, mwalimu wa mambo ya kiroho na mzaliwa wa mji ambao leo unaitwa Gyumri, ambazo ziliandikwa kwa piano na Thomas de Hartmann. Ndiyo maana kundi lina jina la Gurdjieff.

Sasa sikia tofauti. Kwenye piano ukigonga noti, inazaliwa ikiwa na nguvu zake zote na kuanzia hapo ni kufa tu. Mpuliza zumari anaweza kuianza noti kama pumzi, akaikuza, akaitikisa, akaiinua robo ya hatua, kisha akaiacha. Ngoma ya ngozi ina joto ambalo kidole cha kushoto cha mpiga piano kinaliomba bila kulipata. Na ala zinapocheza pamoja mstari mmoja, kila moja inaupamba kivyake: ya nyuzi inaongeza kitetemo pale ambapo zumari limenyoosha. Kwa hiyo wimbo unakuwa na unene ambao haukutokana na sauti nne za kwaya, umetokana na watu wengi kusema neno moja kila mmoja kwa lafudhi yake. Aliyewahi kukaa karibu na kundi la taarab asilia anajua ninachosema: fidla tatu, udi, ganuni na nai, wimbo mmoja, na hakuna wawili wanaoupiga sawasawa.

Je, basi piano ni pungufu? Nilikuwa nafikiri hivyo. Siku hizi sifikiri. Piano ya Grigoryan ina kitu ambacho kundi haliwezi kukitoa, ukimya. Kati ya noti na noti unasikia chumba. Unasikia mtu mmoja akikumbuka sherehe ya mamia. Ala za asili zinakurudisha uwanjani, piano inakuweka kwenye meza ya yule padri usiku, anaandika alichokisikia mchana. Lakini kama ndiyo mara yako ya kwanza, nenda uwanjani kwanza. Ukishajua tar na dap zinasikikaje, ndipo utafurahia kuzisikia zikiigizwa na piano. Ukianza na piano utadhani ni muziki wa Ulaya uliopunguzwa noti.

Kwenye rekodi ya kundi kuna nyimbo mbili nyingine za kutafuta kwa majina. "Lorva Gutanerg" ni wimbo wa plau wa Lori, kaskazini mwa Armenia. Plau nzito ilivutwa na jozi nyingi za maksai, na wimbo wake ulikuwa na miito ya kuwahimiza wanyama, maombi, na mazungumzo ya wakulima wenyewe, vyote ndani ya pumzi moja ndefu. Komitas aliuandikia uchunguzi mzima. Nyingine ni "Hov Arek". Mwimbaji anaiomba milima impelekee upepo, itafute dawa ya uchungu wake, na milima haitoi upepo. Basi. Wimbo ni huo tu, na kwenye ala, bila maneno, ombi lile linasikika vilevile.

Gasparyan: duduk na pumzi isiyokatika

Hii ndiyo aina ya rekodi iliyonichosha mwanzoni, na leo ndiyo naipenda kwa namna ya peke yake. Djivan Gasparyan, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021, ndiye aliyeipeleka duduk duniani kuliko mtu yeyote. Wengi wamemsikia bila kujua, kwenye muziki wa filamu ya "Gladiator" ya mwaka 2000. Jina la rekodi yake linatokana na wimbo wa Sayat-Nova, malenga wa karne ya 18 aliyetunga kwa Kiarmenia, Kigeorgia na Kiazeri, anayemwambia mpenzi wake kwamba maadamu yeye yupo, hatavuta pumzi ya majonzi duniani.

Ni vizuri kuijua ala yenyewe kwa karibu. Duduk ni bomba fupi la mti wa aprikoti, kati ya sentimita 28 na 40, lenye matundu manane mbele na moja nyuma la kidole gumba. Jina lake la kale ni tsiranapogh, filimbi ya aprikoti. Lakini siri iko juu, kwenye ghamish, tete pana lililobanwa mdomo wake ukawa bapa kama mdomo wa bata. Likiwa kavu limejifunga, halitoi kitu. Mpigaji analilowesha, anasubiri lifunguke kiasi, analisogezea kipete kinachoitwa kapich kurekebisha uwazi, anajaribu, anasogeza tena unywele mmoja. Siku ya baridi linakataa, siku ya joto linafunguka kupita kiasi. Ndipo anapopuliza, mashavu yamejaa, na ile sauti ya mzee aliyefumba mdomo inatoka.

Pembeni yake kuna mtu wa pili ambaye watu hawamsifu inavyostahili. Anapiga dam, noti moja inayoshikiliwa mwanzo hadi mwisho. Anavuta hewa kwa pua huku akiisukuma nje ile aliyoiweka mashavuni, kwa hiyo noti haikatiki. Wimbo wa mpigaji wa kwanza unapata maana kwa kusogea mbali na noti hiyo na kuirudia. Ukisikiliza Gasparyan, acha kumfuata yeye kwa dakika mbili, mfuate wa dam. Utaelewa kwa nini UNESCO, ilipoutambua muziki wa duduk mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha ya urithi mwaka 2008, ilikuwa inautambua muziki wa watu wawili.

Nani achague hii? Aliyefiwa. Anayesafiri usiku kwa basi. Anayetaka kusali bila maneno. Mpiga nai au zumari anayetaka kujifunza namna ya kuishikilia noti. Asiichague yule anayetaka kujua upana wa muziki wa Armenia, maana hapa kuna chumba kimoja tu cha nyumba kubwa. Na usiisikilize yote kwa mkupuo. Vipande viwili, halafu nyamaza.

Savall: mgeni mwenye heshima

Jordi Savall ni Mkatalani, bingwa wa ala za kale za Ulaya za kupigwa kwa upinde. Mkewe, mwimbaji Montserrat Figueras, alifariki Novemba 2011, na Savall ameeleza kwamba muziki huu ulimpa faraja katika majonzi hayo; rekodi ni ya kumuenzi, kwa sababu alizipenda mno sauti za duduk na kamancha. Waarmenia wako katikati yake: duduk ya Haïg Sarikouyoumdjian, kamancha ya Gaguik Mouradian. Kamancha husimamishwa juu ya goti kama mtoto, ina tumbo la mviringo lililowambwa ngozi, na hupigwa kwa upinde. Ni fidla inayozungumza puani kidogo, na ndani ya pua hiyo kuna kilio chote unachokitaka.

Kinachoitofautisha rekodi hii ni kwamba inakupa njia rahisi. Vipande ni vya aina nyingi, vya polepole na vya kuchezeka, na kamancha inapokutana na viola ya Savall unasikia ndugu wawili waliolelewa nchi mbali mbali. Kwa mtu aliyezoea muziki wa Ulaya ni daraja zuri. Sauti imerekodiwa kwa ukarimu, kama mko ndani ya kanisa la mawe.

Upungufu wake kwangu ni mmoja, na nitausema kwa heshima. Huzuni imetangulia kabla ya muziki kuanza. Kila kitu kimefunikwa na kanga moja ya msiba, hata ngoma. Kundi la Eskenian linaipiga furaha kama furaha. Linapopiga ngoma ya kijiji hulioni likikuambia kwamba kijiji kilikufa. Linakuonyesha kijiji kikiwa hai, na hilo ndilo linaloumiza zaidi ukishajua historia.

Na nyimbo za kanisa?

Wanakwaya wenzangu huuliza hili mapema. Kanisa la Armenia kwa asili halina muziki wa ala kama sisi tulivyozoea kinanda na gitaa. Ni sauti za watu, na kwenye ibada kuna kshots, bamba la chuma la mviringo juu ya fimbo, limezungushiwa vikengele, linalotikiswa pale ibada inapofika mahali patakatifu. Tenzi zake, sharakan, zinakwenda kwa mfumo wa njia nane za sauti, na nyingine ni kongwe kupita makanisa mengi yaliyosimama leo.

Kwa hiyo kuuweka utenzi kwenye ala ni uamuzi mzito. "Havun, Havun", wimbo wa ufufuko wa mtawa na mshairi Grigor Narekatsi wa karne ya 10, uko kwenye rekodi ya The Gurdjieff Ensemble, na ndipo utakapopima mwenyewe. Mimi nilihofia ungekuwa muziki wa kupambia tu. Haukuwa. Ala zilizopangwa vizuri zinaubeba kama mtu anayeukumbuka utenzi akiwa shambani: maneno yamekaa moyoni, mdomo unavuma tu.

Hata hivyo, kama unachotaka ni kanisa lenyewe, usiutafute kwenye ala. Tafuta "Luys i Luso" ya mwaka 2015, ambapo mpiga piano Tigran Hamasyan anakutana na kwaya ya Yerevan State Chamber Choir chini ya Harutyun Topikyan, tenzi za kuanzia karne ya 5. Piano pale ni ya kisasa na huenda itakushtua, lakini kwaya haitakushtua, itakukalisha chini. Au tafuta Patarag, yaani Misa, ambayo Komitas aliipangia sauti za kiume. Ilichapishwa Paris mwaka 1933, mtunzi akiwa hospitalini, ameshanyamaza. Kwa kiongozi wa kwaya ya kiume anayesaka mfano wa kupanga wimbo wa asili bila kuuvika suti ya watu wengine, sijui darasa bora kuliko hili: sauti za chini zinashikilia kama dam, wimbo unatembea juu yake, na haviingiliani kwa lazima.

Sikio la mtu wa Pwani

Msikilizaji aliyelelewa na taarab ana mtaji ambao msikilizaji wa London hana. Ganuni ipo kwenye kundi la Eskenian, Waarmenia wanaiita kanon. Udi upo. Dufu lipo. Zurna, zumari lao la harusi lenye sauti kali ya kupigwa nje pamoja na ngoma kubwa ya dhol, ni wa ukoo mmoja na nzumari ya Pwani inayoongoza ngoma uwanjani. Hukumu hiyo huhitaji mtaalamu. Zisikie tu zote mbili.

Lakini kuna mahali sikio hilohilo litakudanganya. Ganuni ya Zanzibar ilikuja kwa njia ya Misri, ina vikonzo vingi, vijichuma vya kubadilisha urefu wa uzi, vya kuipata robo ya sauti, ile noti iliyo katikati ya noti inayoipa taarab utamu wake. Kanon ya Armenia vikonzo vyake ni vya nusu sauti tu. Kwa hiyo mara ya kwanza utaona kama ganuni yao imenyooka, haina chumvi. Subiri. Chumvi wameiweka kwenye duduk na kamancha, zinazoteleza zitakavyo, na kanon imepewa kazi ya kumwaga mwangaza, noti nyingi safi zinazofuatana kama maji ya bomba kwenye sufuria. Pia usitafute makamu, ile njia ya sauti ya taarab, uliyoizoea ikizunguka na kurudi. Nyimbo nyingi za kijiji alizoziandika Komitas zimejengwa juu ya hatua nne au tano tu, wimbo unapanda kidogo, unashuka, umekwisha. Ufupi huo si umaskini. Ni wimbo wa mtu aliyeshika jembe.

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo la Afrika yetu ambalo hunigusa. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Haile Selassie, aliwakuta Yerusalemu vijana 40 yatima wa Kiarmenia walionusurika mauaji, wapiga tarumbeta, akawachukua hadi Addis Ababa wawe bendi. Kiongozi wao, Kevork Nalbandian, ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Ethiopia wa zama za kifalme. Haukuwa muziki wa duduk. Lakini ni yatima wa mauaji yaleyale.

Uchague ipi, basi

Kama wewe ni mpenzi wa taarab, au mpiga ala yoyote ya nyuzi, au unataka rekodi moja tu maishani ya muziki huu: "Komitas" ya The Gurdjieff Ensemble, bila kusita. Ina ngoma, ina kazi, ina kanisa, ina maombi kwa milima, na kila ala utaisikia mahali pake. Kama unafundisha piano, au una mtoto anayejifunza, ongeza Grigoryan. Kwenye rekodi yake kuna vipande 12 ambavyo Komitas aliwaandikia watoto, vifupi, na mwanafunzi anaweza kuvisikia na kuvielewa siku hiyohiyo. Kama nyumba ina msiba, Gasparyan, kwa sauti ya chini. Kama mgeni wako ni wa muziki wa Ulaya na unataka kumsogeza taratibu, Savall. Kwaya, nimeshasema.

Na utaratibu nilioupata baada ya makosa yangu ni huu. Siku ya kwanza sikiliza "Hov Arek" ya kundi, mara mbili, asubuhi kabla ya watu hawajaamka. Kesho yake "Msho Shoror" ya kundi, ukiwa umesimama ikiwezekana, maana ni ngoma na neno shoror lenyewe ni kuyumba. Siku ya tatu sikiliza "Msho Shoror" ya piano. Utaanza kusikia dap ambayo haipo. Jioni ya siku hiyo, kama kuna utulivu, mweke Gasparyan, kipande kimoja, na umfuate yule wa dam.